Barua kumi na moja kutoka Zambezia: kwa mnaolipwa ili nchi isisahau

Waheshimiwa watunza nyaraka, wakuu wa makumbusho, wahariri wa vitabu vya historia na wote ambao kazi yenu ni kumbukumbu,

Shikamooni mlionizidi umri. Mlio rika langu, habari za kazi. Baada ya salamu, sisi huku Muheza tu wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu.

Msinicheke kwa kuanza hivyo. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuandika barua, na ndivyo alivyoanza baba yangu barua zote kumi na moja alizomwandikia mama kutoka Msumbiji, kati ya mwaka 1987 na 1988. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nilipozisoma mara ya kwanza niliiruka sentensi hiyo kama mtu anavyoruka anwani. Mama ndiye aliyenirudisha. "Soma tena," akasema. "Mtu yuko vitani, analala na viatu, halafu anasema yeye mzima, hofu ni kwangu mimi niliyekaa barazani nachambua mchicha." Akanyamaza kidogo. "Na mimi nilimwandikia hivyo hivyo. Kila mmoja alimwogopea mwenzake, hakuna aliyesema anajiogopea mwenyewe."

Kwa wasiojua, na nahofia wengi wenu ni vijana, nieleze kwa ufupi. Mwishoni mwa mwaka 1986, miezi ambayo Samora Machel alifariki kwa ajali ya ndege, wapiganaji wa RENAMO waliteka miji kadhaa ya mkoa wa Zambezia. RENAMO iliundwa kwa mkono wa walowezi wa Rhodesia, na baadaye ikalelewa na Makaburu wa Afrika Kusini, lakini waliokuwa wakichinjana vijijini walikuwa Wamsumbiji kwa Wamsumbiji: vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru. FRELIMO, chama kilichokuwa kikitawala Msumbiji, ilikuwa imezaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikafundishia wapiganaji wake Nachingwea. Ilipozidiwa, Tanzania ikapeleka askari tena. Maelfu. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Waliondoka huko mwishoni mwa mwaka 1988, na vita vikaendelea bila wao mpaka mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992.

Alirudi na begi moja na ukimya. Alifariki mwaka 2006 bila kutusimulia hata siku moja ya huko. Barua tuliziona baada ya arobaini, ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha mama, na ndipo safari yangu ya kuja kwenu ilipoanza.

Nilipeleka mkebe ule kwenye ofisi moja. Sitaitaja, maana sitaki mtu mmoja abebe lawama ya wengi. Bwana aliyenipokea hakuwa mtu mbaya, alinipa kiti. Akatoa barua ya kwanza, akalowesha kidole kwa mate, akaanza kufunua karatasi za miaka thelathini kama anayehesabu noti. Akaniuliza kama kuna siri za kijeshi. Nikasema hapana. Akauliza kama baba alikuwa ofisa. Nikasema alikuwa koplo. Akazirudisha kwenye mkebe, akafunga kifuniko, akasema kwa upole kabisa: "Dada, hizi ni barua za mapenzi. Hazina thamani ya kihistoria. Labda utuandikie muhtasari, ukurasa mmoja." Ofisi ya pili ilitaka kwanza barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na ya tatu haikujibu. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, nimezoea kusubiri, lakini karatasi hazisubiri. Kwa hiyo naandika hadharani, na nitahesabu hoja zangu kama ninavyowataka wanafunzi wangu wafanye.

1. Barua ya mapenzi ya askari ni ushahidi, na mara nyingi ni ushahidi bora kuliko taarifa ya kamanda. Niwaonyeshe barua ya nne. Ni karatasi mbili za daftari la hesabu, lenye vyumba vidogo, kalamu ya bluu iliyokwisha wino katikati na kumaliziwa kwa penseli. Bahasha aliitengeneza mwenyewe kwa karatasi ya kaki na kuifunga kwa punje za wali badala ya gundi. Mende wamekula pembe zote mbili palipokuwa na wali, pengine pote pako salama. Haisemi yuko wapi. Hawakuruhusiwa kutaja mahali, na zote zilikuja kwa mkono, zimebebwa na wenzake waliorudi kwa likizo au kwa matibabu. Lakini anaandika kwamba huko minazi ni mingi kuliko Pangani, unatembea kutwa nzima ndani ya kivuli chake na hakuna wa kukwea kuangua. Mama, mtoto wa pwani, akajua mume wake yuko karibu na bahari. Mimi nilihitaji ramani na vitabu kugundua kuwa mashamba makubwa ya minazi ya Zambezia yanazunguka Quelimane. Yeye alijua siku ile ile, kwa sentensi moja.

Kisha anasema jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha Kiswahili. Wanavijiji wanatoka porini wakiwa wamejifunga magunia, na wengine maganda ya miti. Wanawake hawatoki mpaka askari wageuke. Tumegeuka, anaandika, tukakaa tumewapa mgongo kama watoto wanaocheza kibe, nami nikamkumbuka mama yangu mzazi. Halafu, bila nukta, anamwambia mama asitupe nguo hata iliyochakaa. Mama anasema alicheka kwa uchungu, kwa sababu nguo gani? Si miaka mingi ilikuwa imepita tangu sisi wenyewe tupange foleni ya vitenge. Lakini alikusanya kanga zake zilizokwisha rangi, akamfungia yule askari aliyeleta barua. Barua ya sita inasema: kile kifurushi kimefika, kimewatosha watu wanne.

Huyo ndiye koplo asiye na thamani ya kihistoria. Mwanahistoria akitaka kujua raia wa Zambezia waliishije, askari mgeni aliwatazamaje, na familia ya Muheza iliunganikaje na familia isizozijua ng'ambo ya Ruvuma, yote yamo katika karatasi mbili. Katika taarifa ya kamanda kungekuwa na idadi ya bunduki.

Msisahau pia madeni. Kila barua ina orodha: fundi baiskeli anamdai shilingi 150, yeye anamdai shemeji gunia la mahindi, mtoto apelekwe kliniki, bati la jikoni lisogezwe kabla ya masika. Nilidhani ni mambo ya kujaza karatasi. Sasa naona alikuwa anaendesha nyumba yake kutoka vitani kwa sentensi nane, na kwamba aliyekufa na madeni yasiyojulikana huwaachia wake aibu. Alikuwa anaandika wosia kila mwezi bila kuutaja kwa jina.

2. Kitabu cha historia anachosomea mwanangu kinatumia kurasa kadhaa kwa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na ni haki yake. Vita vya baadaye vya Msumbiji, na askari wetu waliokwenda huko, havimo. Nimeuliza walimu wenzangu kuhusu vitabu wanavyotumia. Jibu ni lile lile. Hatuwezi kusema hatuna vyanzo huku vyanzo vinaliwa na mende chini ya vitanda vya wajane.

3. Mtasema wengine wana fedha na sisi hatuna. Nitawapa mfano wa wenye fedha, na mtaona kwamba fedha siyo iliyookoa barua zao. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alikuwako mtu anaitwa Spotswood Rice, mtumwa katika kiwanda cha tumbaku huko Glasgow, Missouri, aliyejua kusoma na kuandika. Mwaka 1864 alitoroka akajiunga na jeshi, akawa askari wa kikosi cha 67 cha wanajeshi Weusi. Tarehe 3 Septemba mwaka ule, akiwa hospitali ya jeshi mjini St. Louis, aliwaandikia mabinti zake wawili waliokuwa bado utumwani. Aliwaambia watulie, anakuja kuwachukua hata ikimgharimu uhai wake. Barua nyingine akamwandikia mwanamke aliyemmiliki binti mmoja, na humo hakumung'unya maneno: kadiri anavyomng'ang'ania mtoto wa watu, ndivyo atakavyokaa zaidi motoni.

Mnajua kwa nini barua hizo zipo leo? Ndugu wa yule mwanamke, aliyekuwa mkuu wa posta wa Glasgow, alikasirika akazituma kwa Jenerali Rosecrans kama ushahidi wa utovu wa adabu, akiomba askari yule aondolewe jimboni. Karani wa jeshi akaziweka kwenye jalada. Zimo katika Nyaraka za Taifa za Marekani hadi sasa. Mtu aliyetaka kumnyamazisha Rice ndiye aliyemhifadhi, kwa sababu tu palikuwa na jalada na karani asiyetupa karatasi. Barua nyingine nyingi za vita vile zilisalimika kwa njia isiyo na fahari zaidi: mjane aliyeomba pensheni alipaswa kuthibitisha ndoa, na mama mzazi kwamba mwanawe alikuwa akimtumia fedha, basi wakaambatisha barua za marehemu kwenye maombi. Hakuna aliyekuwa akifikiria historia. Walikuwa wanafikiria unga.

Na binti mmoja wa Rice, Mary, alihojiwa mwaka 1937 akiwa na miaka 85, akamsimulia baba yake. Miaka zaidi ya sabini baadaye mtu alibisha hodi na daftari. Mama yangu ana miaka 74 na hajabishiwa hodi na mtu yeyote.

4. Najua hofu yenu nyingine, maana nami ninayo. Barua hizi hazikuandikwa ili nizisome mimi, sembuse taifa. Barua ya saba mama hajanipa. Nilipofungua mkebe aliitoa, akaiweka kifuani ndani ya kanga, na sijaiona tena. Simwulizi. Kwa hiyo siwaombi mje na gari mzibebe. Naomba utaratibu ambao naamini hata ofisi yenye kompyuta moja inauweza: mje zilipo barua, mzipige picha vizuri mbele ya mwenyewe, mmwachie zake. Karatasi ya makubaliano iwe ya Kiswahili kinachosomeka, siyo kile cha mikataba. Mwenye barua aseme ipi isomwe leo, ipi ifungwe mpaka atakapokufa, ipi isiguswe. Akisema hapana, ni hapana. Majina ya watu wengine waliotajwa humo yafichwe. Yule shemeji mwenye deni la gunia bado yupo, na bado hajalipa.

5. Wahojini wenyewe. Kijana aliyekwenda Zambezia mwaka 1987 akiwa na miaka ishirini anakaribia sitini sasa, na wengi walikuwa wamepita ishirini. Wapo kwenye maduka ya rejareja, kwenye malindo ya usiku, kwenye mashamba ya michungwa huku kwetu. Hawatazungumza mkiwaita ofisini mkawaweka mbele ya kamera. Rafiki mmoja wa baba, aliyezileta barua mbili kati ya zile, hunisalimia kila Ijumaa akitoka msikitini. Nilipomwuliza juu ya Msumbiji alinieleza bei ya nazi. Mara ya tatu alinieleza kwamba baba aliandika akiwa ameweka karatasi juu ya sahani ya bati, na kwamba wasiojua kuandika walipanga mstari kwake jioni, akawaandikia na wao. Kwa hiyo mwandiko wa baba yangu huenda umo katika mikebe ya familia nyingine, Singida au Mbinga, chini ya jina la mume wa mtu. Nani atazikutanisha barua hizo kama siyo ninyi?

Majibu ya mama hayapo. Baba hakurudi na hata moja. Nusu ya mazungumzo imekwenda, nasi tunakisia alichouliza mke kwa kile alichojibu mume.

6. Sasa hoja ambayo ndiyo ya haraka kuliko zote, ingawa nimeiweka karibu na mwisho. Mwaka 2013 askari wetu walikwenda Kongo, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Kule Kivu, huko Kongo, angalau mtu anaweza kumsalimia mama muuza ndizi kwa Kiswahili akaitikiwa, jambo ambalo baba hakulipata Zambezia. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki katika eneo la Beni ilivamiwa, na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Tulizika, tukalia, magazeti yakaandika.

Vijana hao hawakuandika barua. Walituma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, usiku, pale mtandao ulipokubali. Jirani yangu, ambaye kaka yake alikaa huko na akarudi salama, alikuwa na sauti zake zaidi ya mia moja: mvua kwenye turubai, mtu anakohoa pembeni, kaka anauliza kama ng'ombe amezaa. Simu iliibiwa kwenye daladala. Basi. Hakuna mende, hakuna mkebe, hakuna hata nusu iliyobaki. Barua ya baba imeishi miaka zaidi ya thelathini kwa ubishi wa karatasi. Sauti hizi zinakufa kwa kubadilisha simu tu. Naomba mtangaze, redioni na misikitini na makanisani, kwamba familia yenye sauti za askari wake inaweza kuzileta zikanakiliwa bure, na kwamba hakuna atakayehojiwa kwa nini anazo. Hilo la mwisho mlitamke wazi. Watu wanaogopa.

7. Ombi dogo. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaangalia viongozi wakiweka mkuki na ngao, sime, shada la maua, upinde na mshale, na mzee wa watu akiweka shoka. Naipenda sherehe ile, na nimewahi kutoa machozi tarumbeta inapolia. Lakini vyote vinavyowekwa pale ni silaha na maua. Baada ya shoka la mzee, asimame mtu mmoja, hata mtoto wa shule, asome barua moja ya askari wa kawaida, iliyoruhusiwa na familia yake. Dakika mbili. Aanze na ile salamu.

Mkikubali hata moja kati ya haya, naomba mfanye kabla ya masika. Nyumba ya mama ina bati linalovuja juu ya chumba anacholala. Ni lile lile la jikoni tulilolihamishia huko.

Kwa atakayetumwa: shuka stendi ya Muheza, uliza mitaa ya nyuma ya soko kwa mwalimu wa historia, utaletwa. Vua viatu. Mama atakupa chai kwanza na atakuuliza kwenu ni wapi na wazee hawajambo, jibu bila haraka. Usiloweshe kidole. Mkebe ataufungua mwenyewe, utahesabu barua kumi, na ya saba usiiulize.

Wasalaam,
Binti wa koplo,
Muheza